Neno la Shukrani la Mama Shirleen

Jumatatu, 25 Agosti
Shule zimefunguliwa. Shirleen wangu ameingia muhula wake wa mwisho wa kidato cha nne. Nilisimama mlangoni nimfunge tai, akatokea mlango wa pili, kwa jirani, tai imeshafungwa na viatu vinang'aa. "Mami, baadaye," akaniambia, akaenda. Ni mzima, ana afya, yuko shuleni. Nashukuru.

Jumatano, 27 Agosti
Hapa niandike vizuri, maana kumbukumbu yangu si ya kuaminiwa. Nilikaa Jeddah miaka saba nikipika, nikifua na kulea watoto katika nyumba ya watu. Baba yake Shirleen alikuwa ameshafariki, na mtoto nilimwachia Mama Kweyu, jirani wa mlango wa pili hapa mtaani Jericho, mshonaji wa sare za shule. Nimerudi Juni. Nimefungua kibanda cha chapati na madondo, yaani maharagwe, karibu na gereji, na kinaenda vizuri. Lakini Shirleen bado analala kwa Mama Kweyu, kitanda chake kiko huko. Yule anamwita "Mama". Mimi ananiita "Mami", jina la kwenye simu. Sijalalamika kwa mtu. Nalalamika hapa.

Ijumaa, 29 Agosti
Leo nimejitia kwenye balaa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Tuliitwa shuleni wazazi wa kidato cha nne. Mwalimu wao wa darasa, Mwalimu Kavata, akasema siku ya maombi ya watahiniwa ni Oktoba kumi na moja. Siku hiyo pasta anakuja, kalamu zinaombewa, kila mzazi anamwekea mtoto wake mikono kichwani, na mwishoni mzazi mmoja anatoa neno la shukrani kwa niaba ya wenzake. Kwa Kiingereza. Akauliza nani atajitolea. Watu wazima wote wakaanza kuchunguza viatu vyao. Kisha baba mmoja wa nyuma akasema, huyu mama ya Shirleen si ametoka majuu juzi? Basi, makofi. Hakuna aliyeuliza ni ng'ambo ipi hiyo majuu.

Mimi kule nilijua Kiarabu, tena cha jikoni. Kiingereza changu kilikuwa cha neno moja moja: come, clean, quick, no, finish. Nilifungua mdomo nikatae. Nikamwona Shirleen dirishani na wenzake, anatabasamu, na safari hii anatabasamu kwa ajili yangu. Nikasema, "Thank you, I will do it." Hapo nilikuwa nimemaliza Kiingereza chote nilichokuwa nacho.

Jumanne, 2 Septemba
Shirleen atanifundisha. Sikumwomba, alinikuta nikiuhutubia unga. Tutakaa kila jioni nikitoka kibandani, kabla hajaenda kula kwa Mama Kweyu.

Anasema neno la shukrani linabebwa na maneno yanayotembea mawili mawili: both na and, either na or, neither na nor, not only na but also. Ukishamtaja mmoja lazima mwenzake afuate, usimwache msikilizaji amening'inia. Nikamuuliza kwa nini nisiseme tu nawashukuru walimu na wapishi, yaishe. Akasema unaweza, lakini utakuwa kama unaita majina ya darasa. Ukisema not only the teachers, watu wanajua kuna jambo linakuja nyuma, wanakaa wima. Halafu unasema but also, na hapo ndipo unaweka uzito wako wote.

"Sema kama unabisha mlango mara mbili, Mami. Ya kwanza wasikie, ya pili wafungue."

Huyu mtoto anafundisha vizuri sana. Hiyo subira hakuitoa kwangu. Nashukuru, hata kama najua aliitoa wapi.

Alhamisi, 4 Septemba
Mazoezi kibandani. Nilimuuliza Ndambuki, fundi wa breki, "Either madondo or ndengu?" Akageuka nyuma aone naongea na nani. Gereji nzima ilicheka. "Neither madondo nor ndengu," akanijibu, "leo nataka kamande." Kumbe nimezungukwa na wasomi, na kamande sikuwa nayo.

Jumapili, 7 Septemba
Kanisani. Mama Kweyu aliimba mpaka spika ikanyamaza. Ni mwanamke mrefu, wa Bungoma, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Shirleen alikaa katikati yetu na kitabu cha nyimbo akakishikia upande wa Mama Kweyu. Mimi nilichungulia. Nilipokuwa Jeddah niliomba kila siku Mungu ampe mwanangu mtu wa kumshika mkono. Amejibu, na sasa naona wivu. Nina wazimu.

Jumatano, 10 Septemba
Joto. Vumbi. Chapati ziliisha mapema.

Jumamosi, 13 Septemba
Leo nimefanya jambo ambalo lilinikaa moyoni tangu Juni. Nimemshukuru Mama Kweyu rasmi.

Nilivaa vizuri nikampelekea kwake, mchana, watu wakiona: lile blanketi zito la maua nililotoka nalo Jeddah, leso mbili, sukari, sabuni za mche na unga. Nilisema maneno niliyoyapanga, kwamba kazi yako nimeiona, umenilelea mtoto, Mungu akulipe, sasa nimerudi na wewe upumzike. Alikuwa anashona sketi. Alifuta mikono, akapokea kwa mikono miwili. "Asante, Mama Shirleen," akasema. Akaita Shirleen avipange chumbani.

Nilirudi kwangu mwepesi. Mzigo wa miaka saba nimeutua.

Jumanne, 16 Septemba
Siamini. Mama Kweyu ameleta vitu vya Shirleen mwenyewe, bila kuulizwa: mto, masweta, Biblia, kikombe chake, picha zake za ubatizo zikiwa kwenye bahasha, kila kitu kimekunjwa kama cha dukani. Kitanda wamekileta vijana wawili. Nilimwambia aingie tunywe chai, akasema ana sare za watu za kumaliza.

Usiku huu mwanangu analala kwangu. Nimemsikiliza akipumua. Mungu wangu, asante.

Ijumaa, 19 Septemba
Shirleen hali vizuri. Nasema ni mtihani.

Jumatatu, 22 Septemba
Mama Kweyu alinipita bombani. Habari, nzuri, basi. Zamani alikuwa anasimama mpaka ndoo zinajaa na kumwagika. Labda sare zimemzidi. Neno langu la shukrani sasa limefika nusu. Nimeshamshukuru mwalimu mkuu, walimu, wapishi na askari wa langoni, wote wawili wawili. Shirleen anasahihisha bila kuniangalia. Anasema "sawa" kwa kila kitu, hata nikikosea makusudi. Nimekosea makusudi leo, akasema sawa.

Alhamisi, 25 Septemba
Hakuna. Madondo yaliungua.

Jumapili, 28 Septemba
Leo ngoja niandike polepole.

Baada ya kanisa nilimsomea Shirleen neno lote tangu mwanzo hadi mwisho. Nilisoma vizuri, nilijua nimesoma vizuri. Nikamaliza. Alikuwa ameinama anakuna meza kwa ukucha. Akauliza, "Na Mama yuko wapi?"

Nikamwambia hili ni neno la wazazi kwa shule, mambo ya nyumbani hayaingii. Na Mama Kweyu nilishamshukuru, si aliona mwenyewe? Nilimpa vitu, tena vizuri.

Akainua uso. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha.

"Mami, mtu akimwachisha kazi housegirl, anampa nini aende nacho kwao?"

Nikajibu bila kufikiri, kama mtu aliyeulizwa bei. Leso, nikasema. Sukari, sabuni, unga kidogo. Akiwa na roho nzuri, blanketi.

 Mimi nikawa nasikia maneno yangu mwenyewe yakirudi mezani moja moja: leso, sukari, sabuni, unga, blanketi. Na upumzike, nilisema. Kazi yako nimeiona, nilisema. Hayo maneno sikuyatunga. Ndiyo niliyoambiwa na madamu wangu mlangoni Jeddah, na blanketi ni lile lile alilonipa akinifungulia geti. Nilimpelekea Mama Kweyu likiwa bado kwenye plastiki yake.

Shirleen akaniambia nisilolijua. Mama Kweyu alipokuwa msichana alifanya kazi ya nyumba mtaa wa Buruburu, akalea watoto wawili wa wenyewe tangu wakiwa wachanga. Siku moja akapewa leso na sukari, akaambiwa apumzike. Hakuruhusiwa kuwaaga watoto, walikuwa shule. Akasema siku ile nilipowaacha na zawadi zangu, Mama Kweyu alikaa kitandani na leso mapajani, akamwambia Shirleen, haya, mama yako amefika, tukunje nguo zako. "Hakulia," Shirleen akasema. "Mimi ndiye niliyelia. Wewe ulikuwa unaimba jikoni, nilikusikia."

Nilikuwa naimba. Ni kweli.

Nilitaka kusema sikujua, nilitaka kusema mimi pia nimefanyiwa hivyo na najua kunavyouma. Sikusema. Usiku nilijilaza kitandani kwake nikamwomba msamaha mwanangu, naye akalala upande akiangalia ukuta, na baada ya muda mrefu akanyoosha mguu ukagusa wangu, akauacha hapo. Kwa mguu huo nashukuru.

Jumatatu, 29 Septemba
Nimefika mpaka mlango wake, nikasikia cherehani, nikarudi.

Jumatano, 1 Oktoba
Mawingu. Nimefika tena mlangoni. Kulikuwa na wateja.

Ijumaa, 3 Oktoba
Ujumbe wa Mwalimu Kavata kwa wazazi wote. Ukumbi ni mdogo, kila mtahiniwa ataombewa na mzazi mmoja tu, na kila mzazi atapewa kadi ya kuingilia. Mama mmoja akaandika kwenye grupu, ama baba ama mama, na sisi tulioachana tufanyeje? Mwalimu akamjibu mkae mwongee. Shirleen ameleta kadi yangu, akaiweka mezani, akaenda kufua soksi.

Siku zote za Jeddah nilikuwa naiota siku hii. Sikuota harusi wala sikuota kazi. Niliota mkono wangu kichwani kwa mtoto wangu, watu wakiona kwamba ana mwenyewe.

Jumapili, 5 Oktoba
Nimekwenda. Nilitafakari nimpelekee nini, hata keki nilishaifikiria, kisha nikajiambia Wacera, koma na vitu vyako. Nikaenda mikono mitupu.

Alifungua. Aliangalia mikono yangu kwanza, naapa. Akanikaribisha. Blanketi lilikuwa juu ya kabati, plastiki haijafunguliwa. Akanipikia chai yake ile nyeusi ya kuamsha wafu, tukakaa.

Nilimwambia sikuja kushukuru, nimekuja kuomba. Nilimwambia nimerudi nikiwa mgeni, mtoto simjui, sijui akikasirika anataka nini, sijui kwa nini hapendi vitunguu, na bila yeye sitajua. Nikamwambia nilimfanyia nilichofanyiwa, na kwamba sikujua kuna namna nyingine ya kumshukuru mtu aliyekulelea mtoto, kwa sababu mimi kule nilikolea wa wenyewe hakuna aliyenionyesha.

Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Nilijua siku itafika, Mama Shirleen. Nilijiandaa tangu uliposema unarudi. Lakini sikujua itakuja na sabuni."

Nikacheka, Mungu anisamehe, nikacheka na machozi yakanitoka, naye akacheka ile sauti yake ya ng'ambo ya mto mpaka jirani wa tatu akagonga ukuta. Kisha tukalia kidogo. Kisha akaniambia kuhusu vitunguu: Shirleen anavipenda vikiwa vimeiva kabisa, asivione. Na mimi tangu ahamie kwangu nilikuwa nampikia vinaonekana.

Kabla sijatoka niliweka ile kadi mezani. Akaisukuma. Akasema kadi ni ya mzazi. Nikasema ndiyo, ndiyo maana nimeileta kwako. Akasema wewe utakuwa wapi? Nikamwambia mimi nitakuwa mbele na maikrofoni, msemaji ana kiti chake, na mikono miwili nitahitaji kushika karatasi nisianguke.  Kisha akaichukua kadi akaitia kifuani, ndani ya leso. Moja ya zile mbili. Alikuwa ameivaa.

Nimerudi kwangu. Sikujisikia mwepesi. Imeniuma na bado inaniuma, lakini sitaibadilisha.

Jumatano, 8 Oktoba
Tumeandika upya neno, Shirleen na mimi, mezani kwa Mama Kweyu. Yeye hanizidi kwa Kiingereza, lakini kila tukikwama anasema "wekeni nguvu hapo". Kuna sehemu tumeiandika akiwa ameenda sokoni.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimeuhutubia unga mara tatu. Kesho.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mvua ya kwanza imenyesha leo. Ilianza tukiwa langoni, mvua nzima ya vuli, na sote tuliingia ukumbini tukinuka sufu iliyolowa.

Nilikaa mbele, karibu na pasta na mwalimu mkuu. Kutoka pale nilimwona Shirleen safu ya tatu na Mama Kweyu nyuma yake, mrefu kuliko wababa, amevaa gauni la kwaya. Kalamu zikaombewa kwenye beseni. Kisha pasta akasema wazazi, wekeeni watoto wenu mikono. Ukumbi wote ukanguruma. Mimi mikono yangu ilikuwa juu ya karatasi. Nilimwona Mama Kweyu akiweka ile mikono yake mikubwa yenye alama za sindano kichwani kwa mwanangu, akifunga macho, midomo ikienda mbio. Na Shirleen mabega yakashuka, kama mtu aliyetuliwa ndoo. Iliniingia kama kisu, nisidanganye. Halafu nikaendelea kuangalia, na nikaona kwamba kile ndicho nilichokuwa naomba kule Jeddah nikiwa nimepiga magoti jikoni kwa watu. Nilikuwa nakiona kwa macho yangu. Si kila mtu huonyeshwa.

Nikaitwa. Nikashika maikrofoni. Nilianza na mgeni wa heshima kama inavyotakiwa, halafu mwalimu mkuu, halafu bodi, sikumruka mtu. Niliwashukuru not only the teachers who taught our children, but also the cooks who fed them, na wapishi mlangoni wakapiga kelele mpaka nikangoja. Shirleen alikuwa amesema kweli, ukibisha ya kwanza watu wanakaa wima.

Kisha nikafika ile sehemu. Nikainua macho kutoka kwenye karatasi kwa sababu nilikuwa naijua. Nikasema kuna wazazi humu waliozaa na kuna wazazi humu waliolea, na shule imetupa kadi moja. Nikasema kwa Kiingereza changu, taratibu, kila neno na mwenzake, "My daughter has both a mother who went and a mother who stayed. The one who stayed is Mama Kweyu. For seven years she neither slept nor complained."

Hapo nikasita, kwa sababu ni uongo. Nikaongeza kwa Kiswahili kwamba kulala analala, na kukoroma mnasikia mpaka Makadara, na malalamiko anayo, lakini hajawahi kulalamika kuhusu mtoto wangu. Ukumbi ukacheka. Mwalimu Kavata alicheka na kitambaa machoni. Mama Kweyu alikuwa ameinamisha kichwa, na Shirleen amegeuka kumshika kiuno, shavu lake kifuani kwake, ananitazama mimi. Nikasema asanteni, nikakaa. Sikumbuki kama nilimshukuru askari wa langoni. Nitamwomba radhi Jumatatu.

Nje mvua ilikuwa imepungua ikawa manyunyu. Watu wanachukua picha, wanatafuta miavuli. Mama Kweyu akaja moja kwa moja, akanishika kifundo cha mkono bila salamu, akanivuta mpaka chini ya paa la vyoo vya wavulana, ndipo pakavu palipokuwa wazi, na Shirleen nyuma yetu. Akamwambia, "Inama." Akauchukua mkono wangu akauweka kichwani kwa mtoto, kisha wake akauweka juu ya wangu, ukanibana nisitoroke.

"Wewe hujaomba," akaniambia. "Omba."

Nilikuwa na maombi ya miaka saba. Niliyapanga usiku kwa usiku, nilijua yanaanzaje na yanaishaje. Nilifungua mdomo na hayakuwepo. Nywele zake zilikuwa zimelowa, na chini ya vidole nilisikia kile kikovu cha alipoanguka bombani akiwa mdogo, mimi ndiye niliyemfunga kidonda. Nikasema asante. Nikasema tena asante. Basi, hakukuwa na lingine.

"Amina," Mama Kweyu akasema kwa nguvu zote, kama nimeomba mkesha mzima.

Jumatatu, 3 Novemba
Mtihani wa karatasi umeanza leo, na wa kwanza ni Kiingereza. Mvua imenyesha tangu alfajiri. Niliamka kumpikia Shirleen, uji, mayai, na vitunguu vilivyoiva visionekane. Alikula vyote, hakubakisha, akanibusu shavu, akatoka. Nikamfuata mlangoni nimwangalie akienda. Hakwenda. Aligonga mlango wa pili akaingia, na nikamsikia Mama Kweyu akimwambia akae, ugali wa jana umepashwa na mboga ipo, mtihani hauandikwi na tumbo tupu. Shirleen hakumwambia ameshakula. Nilisikia kijiko.

Alipotoka alinikuta bado nimesimama mlangoni. Akaweka kidole mdomoni, nisiseme, akafungua kifungo cha sketi, akaenda shule akitembea polepole.